Mwandishi wa kujitegemea naye ahesabiwe kama mwanakikoba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze juu ya kuweka malengo na kuhesabiana, sisi na wenzetu wanaoishi kwa kuandika hapa Mwanza na mwambao wa ziwa: waandishi wa makala, watafsiri, watunzi wa riwaya, na wale wa vipeperushi na ripoti za miradi. Mwishoni tuna neno moja na wewe mwenyewe.

Kila Januari stetasi za WhatsApp hujaa ahadi. Mmoja anatoa vitabu viwili mwaka huu, mwingine anaacha ajira aishi kwa kalamu. Pongezi humiminika, na mtoa ahadi hulala usingizi mnono kana kwamba kitabu kimeshatoka. Kufika Machi kimya. Mwenye duka Makoroboi akifunga siku tatu, wateja wanamuulizia kwa jirani. Mwandishi akifunga miezi mitatu hakuna anayegutuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasubiri. Hiyo ndiyo shida ya kazi yetu, na haitibiwi kwa semina ya kuhamasishana. Inatibiwa kwa hesabu, na kwa watu wanaoisoma hesabu hiyo.

Tuanze na lengo lenyewe, maana wengi hukosea hapo. Huweka lengo kwenye kitu ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine: kuchapishwa, kushinda tuzo, kupata wateja watano wakubwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kitabuni mwaka 1980, kwa Kiswahili, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri. Kama lengo lake lingekuwa "kuchapishwa mwaka huu", angejihesabu mtu aliyeshindwa Desemba thelathini na tano mfululizo. Lakini kuandika aliandika akamaliza, na kutafsiri alitafsiri akamaliza. Hayo mawili yalikuwa mikononi mwake. Kwa hiyo anayeitamani Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2023, asiandike kwenye daftari "nishinde". Aandike: mswada umekamilika, umesomwa na watu wawili wasio ndugu zangu, umesahihishwa, na umetumwa wiki mbili kabla ya dirisha kufungwa. Kila kipande hapo kinajibika kwa ndiyo au hapana. Lengo lisilojibika hivyo mwisho wa wiki ni dua, na dua ina mahali pake.

Sasa hesabu. Chukua riwaya ya maneno 60,000. Kwa maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata 2,500, na mswada unaisha kwa wiki 24. Wengi huishia hapo, wakatangaza kwamba Juni wamemaliza. Juni hiyo haifiki. Katika kila wiki nne, moja itachukuliwa na msiba wa Sengerema, homa ya mtoto, umeme uliokatika, au kazi ya haraka yenye fedha taslimu. Kwa hiyo wiki 24 za kazi zinahitaji wiki 32 za kalenda. Ongeza uandishi wa pili: ukipitia maneno 2,000 kwa siku, ni wiki sita za kazi, yaani nane za kalenda. Jumla 40. Aliyeanza Jumatatu ya kwanza ya Januari atakuwa na mswada wa kuonyesha mwanzoni mwa Oktoba. Ni tarehe isiyopendeza kwenye stetasi, lakini ndiyo utakayoifikia.

Na hizo 500 usizichukue kwa sababu tumezitaja sisi. Andika siku kumi bila lengo lolote, ukiwa na shughuli zako za kawaida, na kila siku rekodi idadi ya maneno. Kisha zipange zile namba kumi kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya tatu kutoka chini. Hilo ndilo lengo lako la siku. Kwa nini ya tatu? Kwa sababu ni kiwango ulichokifikia au kukipita siku nane kati ya kumi bila kujikamua. Anayechukua namba ya juu kabisa anajipangia kushindwa siku tisa, na mtu akishindwa siku tisa, ya kumi haendi hata mezani.

Chini ya lengo hilo weka kima cha chini, tuseme maneno 100 kwa mkono, kwa ajili ya siku mbaya. Siku ya umeme kukatika na bando kuisha, kalamu na karatasi zinatosha kwa maneno 100. Umuhimu wake ni kwamba uzi haukatiki. Ukirudi kesho bado unakumbuka mhusika wako alikuwa amesimama wapi. Ukikaa siku sita bila kuugusa mswada, ya saba yote inaishia kusoma ulichoandika, na hapo ndipo watu hushawishika kuanza upya kutoka sura ya kwanza. Tunajua miswada yenye sura za kwanza tano na isiyo na sura ya pili hata moja.

Idadi ya maneno ina ugonjwa wake: ukihesabiwa maneno, utaanza kujaza maneno. Mhusika atafungua mlango kwa aya mbili. Dawa ni kubadilisha kipimo kazi inapobadilika. Rasimu ya kwanza ihesabiwe kwa maneno, maana hapo adui ni ukurasa mtupu. Uandishi wa pili uhesabiwe kwa kurasa zilizopitiwa, hata kama kila ukurasa umepungua. Utafiti uhesabiwe kwa maswali yaliyojibiwa: kabla ya kwenda kuzungumza na wavuvi wa Igombe, andika maswali saba, ukirudi na majibu matano umefanya kazi, na hayo mawili yana siku yake. Utafiti usio na orodha ya maswali ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kukwepa kuandika, kwa sababu unachosha kweli na unaonekana ni kazi.

Kuhusu kalenda, wavuvi wa dagaa wanatuzidi akili. Dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu. Kwa hiyo mwezi ukikaribia kuwa mpevu vyombo hupumzika, nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, mahesabu ya wenye vyombo na wavuvi yanafanywa. Hakuna anayelia kwamba ameshindwa lengo la mwezi. Siku za mbalamwezi zilishatolewa kwenye hesabu tangu mwanzo. Mwandishi naye atenge wiki yake ya mbalamwezi kila mwezi: kuandika ankara, kukumbusha wadaiwa, kutuma mapendekezo ya makala, kunakili faili zote kwenye flashi na kuiweka nyumba nyingine, kusoma. Na aitie kalenda alama mapema mahali ambapo anajua hakutakuwa na kuandika, au kutakuwa na kazi za wateja tu: Pasaka, siku za mwisho za Ramadhani kwa wanaofunga, likizo za shule kwa wenye watoto wadogo, na Julai yote kwa wanaoandika vipeperushi, maana anayekwenda kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nyamhongolo huwa anakumbuka kipeperushi wiki ya mwisho na anakitaka jana.

Kumbukumbu ya kila siku haihitaji programu ya simu. Simu ndiyo iliyokukatiza. Usiipe cheo cha ukarani. Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha mwaka mzima. Chora safu tano: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kazi gani, kiasi, na kilichokatiza. Jaza papo hapo ukinyanyuka kwenye kiti, kwa sababu kumbukumbu ya Ijumaa kuhusu Jumanne huwa na huruma mno. Safu ya tano ndiyo yenye mali. Baada ya mwezi utakuta neno moja limejirudia mara kumi na moja, pengine "mgeni", pengine "simu", pengine "usingizi". Likiwa "mgeni", hamia maktaba ya mkoa asubuhi tatu kwa wiki. Likiwa "usingizi", hizo saa kumi na moja za alfajiri ulizojipangia kwa sababu fulani alisema zinafaa hazikufai wewe. Anthony Trollope, mtumishi wa posta wa Uingereza katika karne ya 19 aliyetunga riwaya zaidi ya 40, alikuwa na daftari la namna hii: kurasa kwa wiki, kwa kawaida 40, kila ukurasa maneno 250, saa ikiwa mezani mbele yake. Alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na bado alijihesabu. Sisi tusio na mshahara tunaona aibu kuhesabu.

Hata hivyo daftari pekee halitoshi, kwa kuwa aliyeliandika ndiye anayelisoma, na mtu hujisamehe haraka. Anahitajika mwingine. Hapa tuna ugomvi kidogo na ushauri uliozoeleka wa "mwambie mke wako au rafiki yako akusimamie". Mke au mume atasema "pole, utaandika kesho", kwa sababu anakupenda, na pia kwa sababu anakuhitaji uende sokoni. Rafiki asiyeandika ataridhika ukimwambia "kazi inaendelea". Msimamizi mzuri ni mtu wa kazi hiyohiyo, ambaye naye Jumamosi atasimama kuhesabiwa.

Na kwa hili hatuna haja ya kuagiza utaratibu kutoka ng'ambo. Mama zetu wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wanaujua. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, kuna katiba, aliyechelewa analipa faini palepale, na hakuna hotuba. Kwenye mchezo wa kupeana, kijumbe anayekusanya fedha hakuulizi moyo wako unajisikiaje, anauliza hela iko wapi. Tunapendekeza waandishi wajifunge namna hiyo, na hivi ndivyo inavyofanyika.

Muwe wanne. Wawili, mmoja akisafiri hakuna kikao. Wakizidi sita, kikao kinachukua asubuhi nzima na watu wanaanza kukikwepa. Mzunguko uwe wa wiki kumi, kisha mnapumzika wiki mbili na kuamua upya kama mnaendelea. Kikundi kisicho na mwisho hufa bila mazishi. Kila mmoja aweke dhamana ya shilingi 40,000 siku ya kwanza. Kila wiki asiyotimiza lengo anapoteza 4,000. Kiwango kipangwe kwa mifuko yenu: kiwe kinauma bila kumzuia mtu kula. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeshika daftari la mahudhurio.

Fedha zilizopotezwa ziende wapi? Hapa vikundi vingi huharibika. Mkizinywea soda pamoja, aliyeshindwa anageuka mfadhili wa sherehe. Mkizipeleka kwa yatima, anajisikia ametoa sadaka na wiki ijayo anatoa tena. Wagawane waliotimiza, mbele yake, mwisho wa mzunguko. Inakera, na ndiyo kazi yake.

Ushahidi utumwe Ijumaa kabla ya saa mbili usiku: picha ya ukurasa wa daftari pamoja na faili la kazi yenyewe. Asiyetuma hadi saa hiyo amekosa, hata kama ameandika maneno elfu kumi. Jumamosi mkutane dakika 40, kumi kwa kila mtu, mkiwa mmekaa mezani na si kwa simu kama mko mji mmoja. Maswali ni matatu tu: uliahidi kiasi gani, umefanya kiasi gani, wiki ijayo unaahidi kiasi gani. Mwenye Nansio au Bukoba atapigiwa simu, lakini ushahidi wake ni uleule.

Kanuni tatu nyingine huzaliwa baada ya ugomvi, kwa hiyo ziandikeni mapema. Lengo hubadilishwa Jumamosi tu, Alhamisi halishuki. Kila mtu ana ruhusa mbili za kukosa kwa mzunguko, anazitumia bila kueleza sababu, mradi ametoa taarifa kabla ya Ijumaa ya wiki hiyo. Msiba na kulazwa hospitali havihesabiwi kwenye ruhusa hizo. Na kikao hiki hakisomi kazi. Hakuna kusema sura ya tatu imepwaya. Mkichanganya uhakiki na uhesabu, aliyeumizwa na uhakiki atasingizia kuumwa wiki ijayo, nanyi mtapoteza vyote viwili. Uhakiki uwe na siku yake, mara moja kwa mwezi, na uwe na chai.

Dalili za kikundi kinachooza ni hizi: watu wote wanatimiza wiki tano mfululizo (malengo yamekuwa mepesi, pandisheni kwa sehemu ya kumi), maelezo yanarefuka kuliko namba, mmoja anasamehewa kwa kuwa ni mkubwa kwa umri. Hili la mwisho ni gumu kwetu, tunalelewa tusimdai mzee. Njia iliyonyooka ni mzee mwenyewe apewe kazi ya kuhesabu fedha siku ya kwanza na alipe faini yake ya kwanza kwa sauti. Wakishaona hivyo, vijana hawana pa kujificha.

Tumebakiza fedha, na hapa tutakuwa wafupi ingawa ndipo panapouma. Lengo la mapato lifasiriwe kuwa kazi. Tuseme nyumba inahitaji 600,000 kwa mwezi na makala moja inalipa 40,000. Ni makala 15. Ikiwa katika mapendekezo matatu moja ndilo hukubaliwa, unapaswa kutuma 45 kwa mwezi, yaani zaidi ya mawili kila siku ya kazi, kisha uandike zile 15. Haiwezekani, na ni heri ukajua Januari kuliko Juni. Jibu ni kuchanganya: tafsiri moja ya 400,000, makala tano. Mteja mwenye ofisi akikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye hiyo laki nne, mkononi unapata 380,000. Dai hati ya zuio, na andika kwenye daftari kilichoingia, usiandike kilichoahidiwa. Kazi inayozidi laki mbili ichukue kwa nusu mbele. Ankara iwe na tarehe ya mwisho ya kulipa, na siku ya tatu baada ya tarehe hiyo piga simu mwenyewe, usitume ujumbe. Mteja mwenye deni la zamani asianzishiwe kazi mpya, hata akija na lugha tamu.

Ndiyo tunafika kwako, Mhariri. Mwandishi anaweza kuhesabu kila kitu isipokuwa kimya cha chumba cha habari. Makala ikitumwa na isijibiwe, haiwezi kupelekwa gazeti jingine na haiwezi kufutwa kwenye orodha. Inakaa kwenye daftari kama mgeni asiyeaga. Tunaomba chini ya ukurasa huu uchapishe mistari mitatu: makala ziwe na maneno mangapi, ndani ya siku ngapi mwandishi ahesabu kwamba haikukubaliwa, na kama inalipwa, inalipwa siku ngapi baada ya kutoka. Siku 14 bila jibu iwe na maana ya hapana, nasi tutaipeleka kwingine siku ya 15 asubuhi bila kukupigia simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Waandishi wanne wa kujitegemea,
Nyegezi, Mwanza